Programu ya madirisha ya Git kwenye kompyuta ya GB 4: tathmini kutoka Kigoma

Programu ninayoitathmini ni mojawapo ya zile zinazokaa juu ya Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, na kumwonyesha mtumiaji matawi (njia sambamba za kazi), komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) na mabadiliko ya mafaili kwa madirisha na vitufe, badala ya kumtaka aandike amri kwenye terminali. Jina lake naliacha, kwa kuwa tabia nitakazozieleza zinapatikana kwa ndugu zake wengi, hasa zilizojengwa kwa Electron, zana ya kutengenezea programu za kompyuta, ambazo hubeba ndani yake injini nzima ya kivinjari cha Chromium. Tunaitumia katika ofisi ndogo iliyopo Mwanga, mjini Kigoma, tunapotengeneza mfumo wa kuhifadhi mauzo ya wafanyabiashara wa dagaa na migebuka wa mwalo wa Kibirizi. Kompyuta zetu ni za mpakato, zenye RAM ya GB 4 na Windows 10, yaani za aina ambayo vijana wengi wa hapa wanaimudu.

Kwa anayeanza, programu hii ina heri nyingi: mchoro wa matawi unasomeka, na kutatua mgongano wa mafaili ni kazi ya kubofya tu. Shida ni ulaji wake wa memori. Ukiifungua pamoja na kivinjari na kihariri cha msimbo, kompyuta huanza kusuasua, kisha huganda kabisa. Fundi mmoja alitushauri, “Kaka, ongeza RAM tu, mambo yaishe.” Ushauri huo una ukweli, lakini unaruka swali la kwanza, ambalo ni nani hasa anayekula.

Jibu hupatikana kwenye Task Manager, sehemu ya Details, ukipanga orodha kwa safu ya memori. Hapo utaona mistari ya aina mbili: ile yenye jina la programu ya madirisha, ambayo huwa kadhaa kwa sababu ya muundo wa Chromium, na mstari wa git.exe, ambao huibuka pale tu kazi inapofanyika. Mistari hiyo haipandi kwa wakati mmoja wala kwa sababu moja, na kila upande una dawa yake.

Kwetu, mistari ya programu yenyewe ilipanda kila tulipobofya faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) la mauzo. Dirisha la kulinganisha matoleo lilijaribu kuchora kila mstari uliobadilika, pamoja na rangi zake, hata pale mabadiliko yalipokuwa maelfu ya mistari ambayo hakuna binadamu angeisoma. Tena memori iliyochukuliwa haikurudi hadi programu ifungwe. Dawa iliyofaa ni kuandika *.csv -diff ndani ya .gitattributes, faili la maelekezo ya Git kuhusu aina za mafaili, ili Git iyachukulie mafaili hayo kama yasiyolinganishwa kwa mistari. Tulizima pia ukaguzi wa seva unaojirudia wenyewe kwa kila repo (hifadhi ya mafaili ya mradi na historia yake) iliyofunguliwa, jambo lililopunguza na matumizi ya bando.

Upande wa git.exe una mambo mengi zaidi. Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa kiini cha Linux, yaani maandishi, na ustadi wake mkubwa ni kufungasha matoleo kwa kutunza tofauti zake. Vitu visivyofungashwa, yaani vipande vya data ambavyo Git huvihifadhi kimoja kimoja, vinapokaribia 6,700, Git huanza usafi wenyewe, na wakati wa kufungasha hulinganisha kila kitu na jirani zake 10. Kwa kawaida hakuna kikomo cha memori kwa kazi hiyo, na kila kiini cha prosesa hupewa uzi wake (mkondo wa kazi) wenye dirisha lake la ulinganisho, yaani kundi la vitu vinavyolinganishwa kwa pamoja. Viini vikiwa vinne, mzigo unajizidisha. Amri git config --global pack.threads 1 na git config --global pack.windowMemory 64m ziliutuliza mstari huo mara moja. Kufungasha kunachukua muda mrefu zaidi, naam, lakini mtu anaweza kuendelea na kazi nyingine huku kukiendelea, na kwangu huo ni ununuzi wenye faida.

Bado kuna mzigo uliomo ndani ya repo yenyewe. Amri git count-objects -vH ilionyesha ukubwa wa repo yetu, na sehemu yake kubwa ni picha za vichanja vya dagaa na mafaili ya PSD (ya Photoshop) ya msanifu, vitu ambavyo kulinganishwa hakuvipunguzi kwa kiasi cha maana. Mstari *.psd -delta katika .gitattributes huiambia Git isijisumbue. Kuyafuta mafaili kwa komiti mpya hakusaidii, kwani historia inayabakiza; kuyaondoa kweli kunahitaji git filter-repo, zana ya kuandika upya historia, na baada ya hapo kila mwenzako lazima ashushe repo upya. Anayejiunga leo tunamwelekeza atumie git clone --filter=blob:none, mradi seva iwe inaikubali njia hiyo, ili ashushe matoleo ya zamani ya mafaili pale tu anapoyahitaji.

Lalamiko langu kubwa kwa programu hii, hata hivyo, ni namna inavyoficha habari. Memori inapokwisha, Git husema wazi kwenye terminali: fatal: Out of memory, malloc failed, tena hutaja idadi ya baiti ilizoomba. Programu ya madirisha inaimeza sentensi hiyo na kuonyesha kisanduku kinachosema kazi imeshindikana, chenye kitufe cha kujaribu tena. Mtumiaji mgeni atabofya kitufe hicho mpaka achoke, akidhani mtandao ndio mbovu.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kwa mwenye GB 8 na repo ya msimbo mtupu, aichukue bila wasiwasi. Kwa mwenye GB 4, aiweke kwa ajili ya kutazama historia na kutatua migongano, kisha aifunge. Kushusha repo, kufungasha na kusukuma mafaili makubwa afanyie kwenye terminali.