Oili ya V8 ya zamani: ipi ya kununua, ipi ya kuiacha dukani

Chevrolet Chevelle yangu ya 1972, yenye injini ya V8 (silinda nane), ilianza kukohoa kwenye kabureta wiki ya tatu baada ya kuifungia kemshafti mpya, ile shafti inayofungua valvu. Nikabadilisha plagi, nikagusa taimingi, nikaifungua kabureta mara mbili. Kumbe kabureta ya watu haikuwa na kosa. Siku nilipotoa kifuniko cha valvu na kumwambia mwanangu apige starta, niliona roka moja (mkono unaobonyeza valvu) ya ekzosi inanyanyuka kidogo tu huku wenzake wakiruka. Pembe yake ya kemshafti, ule uvimbe unaoinyanyua, ilikuwa imelika. Moshi ukikosa pa kutokea hurudi ulikoingilia, na ndicho kile kikohozi. Filta nilipoikata, oili ndani yake ilimeta kama imechanganywa na rangi ya fedha.

Nilikuwa nimeweka oili ya kisasa ya 5W-30 (namba hizi zinaonyesha wepesi au uzito wa oili) iliyokuwa kwenye punguzo, halafu nikaiacha injini ikinguruma kwa sailensa, yaani polepole bila kukanyaga mafuta, nikiwa nanywa chai. Makosa mawili kwa siku moja. Kwa hiyo orodha hii ni ya wenzangu wanaohangaika wenyewe na magari ya misuli, yale ya zamani ya Marekani yenye injini kubwa, uani au kwenye gereji ya nyumbani, kama mimi hapa Columbus, Ohio.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize kemshafti yako inatumia tapeti bapa au tapeti za rola (zenye kigurudumu). Tapeti ndiyo inayopokea msukumo wa kemshafti na kuupeleka kwenye valvu. Ford ilianza kuweka rola kwenye 5.0 HO ya Mustang mwaka 1985, Chevrolet kwenye V8 zake ndogo mwaka 1987. Kama gari ni la zamani kuliko hapo na hakuna aliyebadilisha kitu, basi ni bapa. Tapeti bapa hukaa moja kwa moja juu ya pembe ya kemshafti. Uso wake umebinuka kidogo mno, na pembe nayo imechongwa kwa mwinamo, ili tapeti izunguke kila inaponyanyuliwa. Sehemu zinapogusana ni ndogo sana, na juu yake springi ya valvu inakandamiza. Hapo oili peke yake hubanwa ikatoka. Kinachookoa chuma ni kirutubisho cha zinki na fosforasi: joto na mgandamizo vikizidi, hujenga utando unaolika badala ya chuma chenyewe.

Tatizo ni kwamba fosforasi huua masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi), ambayo yalianza kuenea kwenye magari ya Marekani mwaka 1975. Waliotunga viwango wakaipunguza kidogo kidogo, na tangu daraja la SM la mwaka 2004 la API (taasisi ya mafuta ya Marekani), oili nyepesi za petroli kama 5W-30 na 10W-30 haziruhusiwi kuzidi sehemu 800 za fosforasi kwa milioni. Gari lako la 1969 halina masega. Wewe unatafuta kama 1000 hadi 1300.

Nafasi ya kwanza naipa Valvoline VR1. Ina fosforasi karibu 1300, inauzwa kwenye maduka ya kawaida ya spea, na bei yake haimfanyi mtu aangalie pembeni. Kuna 20W-50 na kuna 10W-30, na hapa ndipo watu wanapokosea. Mwenye injini iliyochoka, presha ya oili ikishuka gari likipata moto, au anayeishi Texas, achukue 20W-50. Sisi wa baridi, tunaowasha gari mwezi wa nne asubuhi bado kuna barafu kwenye nyasi, 20W-50 ni uji mzito: inachelewa kufika juu, na muda huo wa kuchelewa ndio unaokula chuma. Injini yenye nafasi za kawaida kwenye bearing inafurahia 10W-30. Angalia tu usibebe dumu lenye maneno ya kwamba si la barabarani. Hiyo ni ya mashindano, ina sabuni (dawa ya kusafisha injini) kidogo, haifai kukaa injini miezi.

Ya pili ni oili ya dizeli ya 15W-40. Ndiyo, ya malori. Wazee wengi wa magari haya wameitumia miaka na miaka, na kwa anayebadilisha oili mara mbili kwa msimu ndiyo isiyoumiza mfuko. Lakini siku hizi usiinunue kwa mazoea. Daraja jipya la oili za dizeli, CK-4, lilipoingia Desemba 2016, baadhi ya oili zilipunguziwa fosforasi kuliko watu walivyozoea, hadi Ford ikatoa kiwango chake yenyewe kinachodai isipungue 1000. Kwa hiyo geuza dumu, soma nyuma, tafuta maandishi WSS-M2C171-F1. Ukiyaona, lipa uondoke. Usipoyaona, lirudishe. Na oili ya daraja la FA-4 usiiguse, hiyo ni nyepesi na ni ya injini mpya za malori.

Mobil 1 15W-50 naiweka ya tatu, si kwa ubaya. Ni sinthetiki, ina fosforasi ya kutosha, inavumilia joto kuliko hizo mbili. Ila injini yenye sili za miaka hamsini hupenda kutokwa jasho ikipewa sinthetiki, na mimi sina hamu ya kuosha sakafu. Kama injini imefunguliwa ikawekwa gasketi na sili mpya, oili hii ipandishe nafasi moja.

Ya nne ni Driven za mfululizo wa HR. Kwa ubora ningeziweka juu kabisa: zimetengenezwa kwa magari ya namna hii, zina na dawa ya kuzuia kutu kwa gari linalolala miezi mitano. Lakini bei! Na mara nyingi lazima uagize. Mimi huinunua mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi, kabla ya kulifunika gari.

Chupa za zinki za kuongeza kwenye oili ya kawaida ni za tano. Mtengeneza oili amepima sabuni na zinki vikae kwa uwiano, maana vyote vinagombania uso uleule wa chuma. Wewe ukimimina kwa kukisia hujui umefika 1000 au 2500, na fosforasi ikizidi sana nayo huharibu. Ni ya dharura tu.

Mwisho ni 5W-30 ya kawaida, yenye alama ya jua la miale mbele ya dumu. Kwa kemshafti ya rola ni nzuri tena sana. Kwa tapeti bapa zilizokwisha zoeana, na springi laini za kiwandani, pengine haitatokea kitu. Kwa kemshafti mpya, usithubutu.

Na kemshafti mpya ina oili yake ya kuzoeshea, yenye zinki nyingi, pamoja na grisi ya kupaka pembe. Injini ikiwaka tu, ipeleke mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika, uishikilie humo dakika 20 hadi 30 ukibadilisha kidogo kidogo. Kemshafti ya V8 hizi hupata oili ya kurushiwa na krenki, shafti kuu ya injini, inapozunguka. Kwa sailensa hairushiwi ya kutosha. Ukimaliza, imwage yote pamoja na filta.

Injini ya Chevrolet 350 inakula kwati tano (kwati ni karibu lita moja) ukihesabu na filta. Nunua sita. Hiyo ya sita iweke kwenye buti, utaihitaji kabla ya mwezi kuisha.