FamilySearch: nyota nne, ila muulize bibi kwanza

Nimeitumia tovuti hii ya kutafutia historia ya ukoo miezi minne sasa. Ni bure kabisa, unafungua akaunti tu. Wenyewe ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wanakusanya kumbukumbu za koo tangu 1894. (Hakuna aliyeniomba nibadili dini, kama ulikuwa na wasiwasi huo.)

Kosa lilikuwa langu: nilikimbilia kuandika jina la babu kwenye kisanduku cha kutafutia. Wiki nzima patupu. Kumbe jina tunalomwita ni la utani! La kwenye cheti ni jingine, nalo bibi alilitaja huku anashona kifungo, hata kichwa hakuinua. Nikamrekodi kwa simu, nikapandisha sauti ile kwenye ukurasa wa babu. Hapo ndipo nilipoipenda: picha, cheti, sauti, vyote vinakaa kwa mhusika.

Ila mti wa ukoo (ule mchoro wa nani kamzaa nani) ni wa wote. Taarifa za marehemu mtu yeyote aliyejisajili anaweza kuzihariri, ndiyo maana daftari langu sijalitupa. Walio hai wanafichwa, na hilo nimelipenda.