Portbagaji ya chuma ya Birere, nimeibeba mpaka Bukavu

Benye munapenda kufunga mizigo ku velo na kuingia mu milima, someni hii mbele ya kutosha makuta.

Portbagaji yangu ya kwanza, ile ya nyuma ya velo ya kufungia mizigo, ilikuwa ya aluminiumu, nilinunua mu magazini moja ya hapa Goma, muuzaji akaniapia kama inabeba kilo 25. Nikaweka 16 tu. Siku ya pili, mbele ya kufika Kinunu, ikakatika pale chini kwenye bulo inaingia, karibu na ekseli. Hii njia ya Congo Nile Trail, upande wa Rwanda, kutoka Rubavu mpaka Rusizi, ni kilomita 227 na tambarare karibu hakuna, unashuka mpaka ku ziwa Kivu, mita 1.460, alafu unapanda, unashuka tena, unapanda tena, na kwenye hakuna lami mawe inapiga gurudumu ya nyuma siku nzima, njo vile mizigo inachezacheza na chuma inachoka. Sudere wa kijiji, fundi wa kuunganisha vyuma, aliishika, akaniambia pole kaka, bageti zangu za kuunganishia ni za chuma, hii haitashikana. Nikafunga na mpira ya ndani ya tairi, nikarudi Goma kwa gari na uchungu mingi.

Sasa hii atelie ya Birere, mtaa wa hapa Goma. Haina kibao, papa fundi anatengeneza milango na madirisha, na chukudu, ile ya mbao ya kubeba mizigo, ikivunjika ekseli wanamuletea yeye. Nilimuonyesha ile ya aluminiumu nikasema Papa, nitengenezee kama hii. Akakataa. "Leta velo na mizigo yote, usiache kitu ku nyumba." Nilipoleta, kijana wake akashika velo, mimi nikapanda, Papa akaniambia nizungushe pedali kinyumenyume na yeye akachutama pembeni anaangalia kisigino yangu. Kilikuwa kinagusa sakoshi, ile mifuko ya pembeni. Akapiga alama na chokaa, akasogeza yote nyuma santimita 6. Mu magazini hakuna ata mutu aliangalia mguu yangu.

Alitumia chuma ya beto (nondo) ya milimita 8. Chini akaongeza vipande viwili vya kukingama, vinaunda pembe tatu, sababu alisema mizigo haivunje kwa uzito peke yake, inavunja kwa kuyumba kushoto na kulia. Na sakoshi akazishusha, uzito ukae karibu na ekseli. Ukweli ni nzito: mita moja ya ile chuma ni karibu gramu 400, yote ilifika kilo 1,9, ile ingine haikufika ata gramu 800. Lakini kilo moja ni litre moja ya maji, na mu mupando ile nilihisi ni mizigo yenye haitikisiki, velo inaenda pamoja na mimi. Na ikikatika, kila kwenye kuko sudere na mashini, unapona. Kwa mutu mwenye analala mbali na mji hii njo kitu ya kwanza.

Nilirudi ku njia ileile, siku 6 mpaka Rusizi, nikavuka Ruzizi nikaingia Bukavu, mvua ilininyeshea siku tatu. Hakuna ata ufa.

Kenye sikupenda: aliniambia siku mbili, ikakuwa sita, courant (umeme) ilikuwa inakatika na hakunipigia simu. Rangi ilitoka kwenye sakoshi inasuguana na kutu ikaanza. Na alifunga ekru za kawaida, moja ikalegea mbele ya Kibuye, ningepoteza yote mu ule mushuko. Muombe zile ziko na plastiki ndani, na kila asubuhi uzipimie na ufunguo.

Nililipa dola 20. Uende asubuhi, courant ingali iko. Velo yangu niliirudisha kwake juzi, anatengeneza ya mbele.