Shaba ya kwanza: uzoefu wangu na Vintage Story

Sururu yangu ya kwanza ya shaba katika mchezo wa Vintage Story ilinichukua jioni nne, na kati ya hizo jioni mbili nzima zilimezwa na moto, wala si na uchimbaji. Nalisema hilo mapema kwa sababu wengi wanaoniuliza kama mchezo huu unafaa kununuliwa hudhani ugumu wake upo kwenye kuyapata madini. Madini yapo. Kinachomtesa mchezaji ni kila kitu kinachotakiwa kuwa tayari kabla jiwe halijageuka kuwa chombo, na hapo ndipo mchezo huu uliponiteka, ingawa kuna usiku mmoja nilifunga kompyuta kwa hasira nikaenda kulala bila kuaga mtu.

Kwa wasioufahamu, Vintage Story ni mchezo wa kuishi porini na kujitengenezea kila kitu kwa mikono. Umetengenezwa na Anego Studios, na chimbuko lake ni nyongeza iliyoandikwa kwa ajili ya mchezo maarufu wa Minecraft, ndiyo maana ukiutazama kwa mbali unaona ulimwengu uleule uliojengwa kwa matofali ya mraba. Unanunuliwa kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe na unafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Mimi ninaucheza kwenye kompyuta mpakato isiyo na kadi maalumu ya picha. Nililazimika kupunguza umbali wa kuona mpaka milima ya mbali ikawa ukungu mtupu, lakini baada ya hapo haujanikwamia. Mengine kama kilimo, ujenzi na mavazi ya baridi nayaacha, kwani hapa nataka kuzungumzia shaba peke yake.

Unaanza mikono mitupu. Unaokota gumegume, unalichonga kwa kuondoa kipande kimoja kimoja hadi umbo la kisu au shoka litokee, na kwa vyombo hivyo vya mawe ndipo unapoingia porini kuitafuta shaba. Utafutaji wenyewe ni wa macho na miguu. Juu ya ardhi, katikati ya mawe ya kawaida yaliyotawanyika, yapo machache yenye madoa ya rangi ya chungwa iliyofifia. Ukiyavunja unapata punje ya shaba. Punje moja ni vizio 5 vya madini, na kichwa cha sururu kinahitaji vizio 100, yaani punje 20. Nyundo nayo inataka punje 20 nyingine, kwa hiyo safari ya kwanza haijakamilika mpaka mfuko uwe na punje 40. Asiyebahatika kuyaona mawe hayo anaweza kusimama majini na kuchekecha mchanga au kokoto kwa karai la mbao. Punje hutoka, ila kwa kudondoka moja moja, na baada ya nusu saa ya kazi hiyo niliwaonea huruma wachimbaji wadogo wanaochekecha mitoni kwa jua kali.

Hapa nilifanya kosa ambalo bado linanichoma. Kila nilipookota punje niliendelea na safari bila kuweka alama kwenye ramani, nikidhani mawe yale ni zawadi za njiani tu. Kumbe yale mawe ni dalili: chini yake, si mbali sana na uso wa ardhi, kuna mkanda wa shaba unaosubiri mwenye sururu. Nilipokuja kuipata hiyo sururu sikukumbuka hata bonde moja nililopita, na nililazimika kuzunguka upya nchi ambayo tayari nilikuwa nimeifagia dalili zake zote. Atakayeanza leo aweke alama kila aokotapo, na ikiwezekana aache punje moja palepale kama shahidi.

Ufinyanzi nitaupitia haraka. Unahitaji chungu cha kuyeyushia na kalibu mbili za kumiminia madini, moja ya sururu na nyingine ya nyundo, na zote unazifinyanga kwa udongo tabaka kwa tabaka, ukijaza nafasi zinazoonyeshwa. Ni kazi ya kutuliza akili kwa dakika tano za kwanza na ya kuchosha kwa kumi zinazofuata. Baadaye unaviweka shimoni, unavifunika kwa nyasi kavu 10, vijiti 8 na kuni 4, unawasha, unakwenda kufanya mambo mengine wakati vinaiva.

Moto sasa. Shaba ya kweli huyeyuka kwenye nyuzi 1,084 za Selsiasi, na mchezo umeiheshimu namba hiyo kama ilivyo. Kuni katika mchezo huu hufika nyuzi 700 basi. Mimi sikujua. Niliweka punje zangu kwenye chungu, chungu nikakiweka jikoni, nikachochea kuni, nikawa naitazama namba ya joto ikipanda: mia tano, mia sita, mia saba, halafu ikaganda pale kama kobe aliyeona mtu. Niliongeza kuni. Niliongeza tena. Mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa amekuja likizo kutoka Handeni, alikuwa ameketi nyuma yangu akila mihogo ya kukaanga.

"Mjomba, hizo kuni utachochea mpaka lini?"

"Mpaka iyeyuke."

"Mbona mafundi wa kule kwetu wanatumia mkaa?"

Nilinyamaza, kwa sababu hakukuwa na la kujibu. Mkaa humo mchezoni unafika nyuzi 1,300, na hilo limeandikwa wazi kwenye kitabu cha mwongozo ambacho hufunguka kwa kubonyeza herufi H tu. Nilikuwa sijakibonyeza.

Basi nikachimba tanuri la mkaa. Unatengeneza shimo, unalipanga kuni mpaka lijae, na kila nafasi ya tofali moja inameza kuni 32, hivyo hata shimo dogo la nafasi sita linakudai kuni 192 ambazo umezikata kwa shoka la jiwe. Juu yake unawasha moto, kisha unawahi kulifunika lote ili kuni ziungue taratibu bila hewa kwa muda unaokaribia siku nzima ya humo mchezoni. Mimi nimekulia mahali ambapo matanuri ya mkaa yalikuwa yakifuka moshi kando ya njia, magogo yamelazwa, yamefunikwa nyasi na udongo, na mtu amekesha pembeni akiziba kila ufa unaotoa mwali. Pamoja na hayo yote, tanuri langu la kwanza nililiacha wazi upande mmoja. Niliporudi asubuhi nilikuta shimo tupu. Kuni 192 zimekwenda, hakuna hata kipande kimoja cha mkaa, na mpwa wangu hakusema neno, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angesema. Huo ndio usiku niliofunga kompyuta.

Tanuri la pili nililiziba kwa udongo pande zote, na mkaa ukatoka. Jioni ya nne namba ya joto ilipita elfu moja bila kusita, na punje zikalegea ndani ya chungu. Kukishika chungu hicho kunahitaji koleo la mbao, la sivyo unaungua. Ukikiinamisha juu ya kalibu, shaba inatiririka ikiwaka, kalibu inajaa polepole, vizio vinapanda mpaka 100, na mtiririko unakoma. Kisha unangoja. Mng'ao wa manjano unageuka chungwa, chungwa linageuka wekundu wa makaa yanayozimika, na hatimaye unabaki na kichwa cha sururu chenye rangi ya shaba hasa, ambacho unakitia mpini wa kijiti. Nimecheza michezo mingi ambayo chombo kama hiki hupatikana kwa kubonyeza kitufe mara moja ndani ya dakika kumi za mwanzo. Hiki nilikizungusha mkononi kwanza, nikakitazama pande zote, ndipo nikathubutu kupiga nacho jiwe.

Kuchimba baada ya hapo kunakwenda vizuri, kwa sharti la kuwa na adabu. Mikanda ya shaba iliyo karibu na uso wa ardhi imetandazwa kama mkeka, si mirefu kwenda chini, hivyo ukishafika usawa wake unachimba kwenda pembeni. Duara langu la kwanza, yaani shimo la kutolea madini, nililichimba wima chini ya miguu yangu mwenyewe, jambo ambalo mchimbaji yeyote angenikataza, na nikadondokea kwenye pango lenye viumbe wa gizani. Nilikufa. Mzigo wote ulibaki chini, na kuufuata ilikuwa safari nyingine ya hofu yenye mienge mingi. Siku hizi nachimba kwa ngazi. Mawe ya madini yanayotoka humo hayaingii moja kwa moja kwenye chungu. Unayaponda kwanza kwa nyundo yawe punje, na ndiyo sababu nyundo inatengenezwa sambamba na sururu yenyewe.

Hatua iliyofuata ni fuawe, lile jukwaa zito ambalo mhunzi hufulia juu yake. Fuawe la shaba linahitaji vizio 900, yaani punje 180, na mtu akiitazama hesabu hiyo mara ya kwanza anaweza kutamani kubaki na sururu na nyundo yake. Asikubali kubaki hapo. Msumeno na tindo havimiminwi kwenye kalibu, vinafuliwa tu. Na pasipo msumeno hakuna mbao zilizopasuliwa, pasipo mbao hakuna pipa, pasipo pipa hakuna ngozi iliyolainishwa. Mlango mzima wa maisha ya kati ya mchezo umefungwa kwa fuawe hilo.

Ufuaji wenyewe ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mchi wa shaba, yaani kipande kilichomiminwa kwenye kalibu, unauweka kwenye tanuri la mhunzi lenye makaa mpaka uwe mwekundu, unauhamishia kwenye fuawe, unachagua umbo unalotaka, na kuanzia hapo ni wewe na nyundo. Shaba haibadiliki yenyewe: mchi umegawanyika katika vipande vidogo kama dadu, na kila pigo linavisukuma. Pigo zito linavitawanya, mengine yanavisogeza mbele, nyuma, kushoto au kulia, na liko pigo la kukata linaloondoa kilichozidi. Ukikata mno unabaki na upungufu. Ukichelewa, mchi unapoa na kukataa nyundo, na inabidi urudi nao motoni. Msumeno wangu wa kwanza niliurudisha motoni mara tano. Wa pili mara mbili. Hakuna kipimo cha ustadi kinachopanda kwenye kioo. Kilichoongezeka ni mkono wangu.

Kutafuta mikanda ya kina kirefu kwa sururu ya upimaji ndiko kunakohitaji subira ya ziada. Unapiga mwamba mahali patatu palipoachana kidogo, kisha unapewa majibu kwa maneno na kwa sehemu za elfu: shaba ni haba, au ya wastani, au nyingi sana. Majibu hayo hayakuonyeshi madini yalipo, yanakuambia tu kwamba eneo lile lina uwezekano, na kazi yako ni kusogea na kupima tena mpaka namba zipande. Mimi huziandika kwenye daftari la kawaida, kwa kalamu, na nakiri kwamba ninaona raha. Rafiki yangu mmoja aliicheza sehemu hiyo kwa saa moja akasema ni sawa na kufanya ukaguzi wa hesabu bila kulipwa. Sikumbishia.

Jambo la pembeni kidogo, lakini linahusu. Sisi tunaozungumza Kiswahili tumezoea kuita vitu vingi shaba: waya wa umeme ni shaba, na mwanariadha akishika nafasi ya tatu tunasema amepata medali ya shaba, ilhali medali ile ni ya bronzi. Mchezo huu haukubali mkanganyiko huo. Sururu ya shaba haivunji mawe yenye madini ya chuma hata ukiyapiga mchana kutwa. Yanataka bronzi, na bronzi ya bati inapatikana kwa kuchanganya shaba na bati la asilimia 8 hadi 12, si pungufu wala zaidi. Punje 18 za shaba na 2 za bati zinakupa mchi mmoja safi. Vilevile shaba haiji katika sura moja. Kwenye miamba ya chokaa nilikuta malakiti, lile jiwe la kijani ambalo wasafiri wa Lubumbashi huturudia nalo likiwa limechongwa shanga na vinyago, na nilichekelea kulikuta humo, maana Katanga yenyewe kuanzia 1971 hadi 1997 iliitwa Shaba, kwa neno letu hilihili.

Je, nampendekezea nani? Mwenye dakika ishirini za kucheza kila jioni atakata tamaa, kwa kuwa tanuri, kalibu na chungu havingoji ratiba ya mtu, na msimu wa baridi unakuja kabla hujakamilisha fuawe kama ulianza kwa uzembe. Mwezi wa humo una siku 9 tu kwa mpangilio wa kawaida. Anayetaka mapigano naye apite mbali. Lakini fundi, mfinyanzi, mtu aliyewahi kusimama kwenye karakana ya mhunzi akishangaa cheche, au yeyote anayefurahia kujua kitu kimetokana na nini, huyo nampa ushauri wa kununua bila kusita, mradi akibonyeze kile kitabu cha mwongozo mapema kuliko nilivyofanya mimi. Mipangilio pia inaruhusu kupunguza njaa na viumbe wa usiku, na kwa mchezaji mgeni sioni aibu kuitumia.

Kwa sasa nina fuawe, msumeno mmoja mzuri na mmoja wa kuchekesha, mkaa wa kutosha wiki mbili, na alama kumi na moja za shaba kwenye ramani. Mpwa wangu amerudi shule, na kila Jumapili akipiga simu huulizia kwanza kama bati limepatikana. Bado.