ePrint ya IACR: hifadhi inayopokea upesi na isiyofuta kitu

Cryptology ePrint Archive ni hifadhi ya makala za kriptografia (elimu ya kulinda taarifa kwa njia za hesabu) inayoendeshwa na IACR, chama cha kimataifa kinachoandaa mikutano ya Crypto, Eurocrypt na Asiacrypt. Imekuwepo tangu mwaka 2000. Kuweka makala ni bure, kusoma ni bure, na msomaji hahitaji akaunti. Ukitaka ushahidi wa nani aliandika nini na lini, ni vigumu kupata huduma inayoizidi. Ukitaka kujua kama makala ni sahihi, hapa si mahali pake, ingawa wengi huitumia hivyo.

Kupeleka makala hakuna mzunguko. Unapandisha faili la PDF, unajaza jina la makala, waandishi, muhtasari na maneno ya msingi, kisha unachagua leseni. Wahariri hutazama mambo machache tu: kwamba kazi ni ya kriptografia na kwamba inafikia kiwango cha chini cha kukubalika. Ikipita, inapewa namba ya mwaka na mfuatano, kama 2022/975, na anwani fupi ya ia.cr/2022/975. Namba hiyo haibadiliki hata ukirekebisha makala mara kumi. Kila toleo hubaki na tarehe yake, na yeyote anaweza kulifungua la kwanza akalilinganisha na la mwisho. Muhtasari ndio unaowasumbua wengi: amri ulizojitungia kwenye LaTeX, programu ya kupanga maandishi yenye hesabu, hazifanyi kazi kwenye ukurasa wa hifadhi, kwa hiyo andika hesabu kwa alama za kawaida, la sivyo msomaji atakutana na vipande vya msimbo katikati ya sentensi.

Thamani ya kasi hiyo ilionekana mwishoni mwa Julai 2022. Wouter Castryck na Thomas Decru waliweka 2022/975, shambulio lililovunja SIDH, njia ya pande mbili kukubaliana ufunguo wa siri, na pamoja nayo SIKE, mfumo uliojengwa juu yake ambao mwanzoni mwa mwezi uleule NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilikuwa imeupeleka kwenye raundi ya nne ya mchujo wake wa mifumo ya kustahimili kompyuta za kwanta (zinazotumia kanuni za fizikia ya chembe ndogo). Ufunguo wa siri wa SIKEp434, toleo dogo la SIKE, ulipatikana kwa takriban saa moja kwenye kiini kimoja cha prosesa. Agosti zikafuata 2022/1026 na 2022/1038 zilizopanua shambulio hilo. Makala ya kwanza ilipopewa tuzo ya makala bora kwenye Eurocrypt 2023 mjini Lyon, fani nzima ilikuwa imekwisha kuimeza. Kungoja mkutano kungewaacha watu wakiendelea kujenga juu ya mfumo uliokufa.

Upande wa pili ni 2024/555. Aprili 2024 Yilei Chen alidai kupata njia ya kompyuta za kwanta kutatua baadhi ya matatizo ya LWE, familia ya matatizo ya hesabu inayobeba sehemu kubwa ya kriptografia mpya. Baada ya siku nane kosa likaonekana katika hatua ya 9, na mwandishi mwenyewe, kwa uungwana, akaongeza maelezo kwamba dai halisimami. Makala bado ipo, kama inavyotakiwa. Taabu ni kwa aliyepakua nakala siku ya kwanza: faili lake halimwambii lolote. Kabla ya kunukuu, fungua ukurasa wa makala wenyewe, soma sehemu ya maelezo, kisha tazama orodha ya matoleo. Namba ya ePrint inathibitisha kwamba makala ilipokelewa, basi.

Kutofuta huko ndiko kunakodai tahadhari kubwa kwa mwenye kupeleka. Ukitangaza kwamba umeiondoa makala, matoleo ya zamani hubaki yakisomeka. Maji yakimwagika hayazoleki. Kama shambulio lako linagusa bidhaa inayotumika, mjulishe mtengenezaji kwanza na mkubaliane tarehe ya kutangaza. Siku 90 ni muda unaotumiwa sana, lakini kosa lililomo ndani ya chipu huhitaji zaidi kwa sababu halirekebishwi kwa sasisho la programu pekee.

Kuna pia suala la kuficha majina. Mikutano mikuu huhakiki makala bila waandishi na wahakiki kujuana, ilhali ePrint huonyesha majina wazi. IACR yenyewe inaruhusu kuweka makala kabla ya uhakiki, lakini mikutano mingine ina masharti yake, kwa hiyo soma tangazo la mkutano kabla ya kubonyeza. Katika nakala ya mkutano ondoa shukrani, viungo vya hazina ya msimbo, maneno kama "katika kazi yetu iliyopita", na jina lililojificha kwenye sifa za faili la PDF. Hilo la mwisho husahaulika mno.

Makala ikishakubaliwa, rudi ukajaze sehemu ya taarifa za uchapishaji. Crypto kwa kawaida huruhusu kurasa 30 za muundo wa LNCS (mfululizo wa vitabu vya mikutano wa Springer) bila kuhesabu marejeo, na ithibati ndefu ndizo hukatwa kwanza. Toleo kamili liweke ePrint na ueleze kama tofauti yake na lililochapishwa ni ndogo au kubwa. Wasomaji wengi huishia kusoma hilo la ePrint.

Mshindani wake wa kweli ni arXiv, hifadhi ya makala za sayansi mbalimbali, katika kitengo chake cha cs.CR (kriptografia na usalama). Kwa kazi ya programu hasidi, vipimo vya mtandao au usalama wa mifumo, nenda huko, maana ePrint ni ya kriptografia. Mgeni wa arXiv huweza kuhitaji mtu wa kumdhamini. Tena arXiv hutaka chanzo cha LaTeX na kukiacha kipakuliwe na yeyote, pamoja na kila kitu kilichofichwa nyuma ya alama ya % ili kisionekane kwenye PDF, hata ubishi wenu na mwandishi mwenza. Kisafishe kwanza. ePrint hupokea PDF peke yake.

Inapopungua zaidi ni katika kuchuja. Mwaka 2024 pekee ilipokea makala zaidi ya 2,000, na vitengo vyake ni vipana mno: "itifaki za kriptografia" hubeba karibu chochote. Ukitegemea RSS yake (mlisho wa taarifa za makala mpya), chuja kwa maneno kwenye programu yako ya kusomea.