Paa la faibaglasi kwa Land Cruiser ya zamani: lipi litangulie, lipi liachwe

Mwenye Toyota Land Cruiser ya familia ya 40, iwe FJ40 ya petroli au BJ40 ya dizeli, huanza kutafuta paa jipya kwa sababu moja kati ya mbili. Ama gari lilikuwa la turubai, na mwenyewe amechoka kula vumbi kila apitapo barabara isiyo na lami, ama paa la awali limeoza kwenye mfereji wa maji na abiria wa nyuma analowa mvua inaponyesha. Hali hizi mbili hazina dawa moja, na wengi hupoteza fedha kwa kununua dawa ya jirani. Mwongozo huu unapanga njia zilizopo kwa kipimo kimoja: jinsi paa linavyokaa juu ya milango na juu ya fremu ya kioo cha mbele. Unene, mng'ao na jina la mtengenezaji ni mambo ya baadaye, kwa kuwa paa zuri lisilokaa sawasawa huvuja vilevile kama baya.

Inafaa kujua kwanza kwamba Toyota yenyewe, iliyounda magari haya kuanzia 1960 hadi 1984, haikutengeneza paa lote kwa bati. Kuta za pembeni na ukingo wenye mfereji wa maji vilikuwa vya chuma, na kifuniko cha juu, kile cheupe kinachotambulika kwa mbali, kilikuwa cha faibaglasi. Kwa hiyo mtu anayekataa faibaglasi kwa hoja kwamba si kitu cha asili amekosea, na anayetaka kubadili kila kitu kuwa faibaglasi naye anaondoa kitu ambacho wahandisi walikiweka kwa makusudi. Ukuta wa chuma wa pembeni ndio unaofanya nguzo ya nyuma ya mlango kutoka kiunoni kwenda juu, na raba ya mlango inategemea nguzo hiyo ili kuziba.

Kabla ya kuagiza chochote, pima gari. FJ40 ina umbali wa milimita 2285 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilhali FJ43, toleo lake refu zaidi, ina milimita 2430, na paa la moja haliwezi kukaa juu ya nyingine hata fundi awe hodari kiasi gani. Tazama nyuma pia: magari mengi ya huku kwetu yana milango miwili inayofunguka kwa pembeni kama ya ambulensi, lakini mengine yana kioo kinachoinuliwa juu na mlango mfupi unaoangushwa chini, na kila aina ina umbo lake la ukingo wa paa. Baada ya hapo pima pembe kwa pembe, kutoka kona ya mbele kushoto hadi kona ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, bodi imepinda au raba zinazoibeba juu ya chesi zimekwisha, na hilo lirekebishwe mwanzo. Paa lililochongwa kulingana na bodi iliyopinda litakataa kukaa siku bodi itakaponyoshwa.

Njia ninayoiweka mbele: kuta za chuma, kifuniko kipya

Kwa gari ambalo bado lina kuta zake za chuma, hata kama zimeliwa na kutu upande wa chini, njia bora ni kuzikarabati na kununua kifuniko cha juu pekee cha faibaglasi. Fundi wa bodi mwenye mashine nzuri ya kuchomelea anaweza kukata sehemu iliyooza na kuweka bati jipya, na mfereji wa maji, ambao ndio huoza zaidi, unaweza kukunjwa upya. Faida kubwa ya njia hii huonekana siku utakapotaka kuweka keria juu: miguu ya keria hushika kwenye mfereji wa chuma, mzigo ukateremka kupitia kuta hadi kwenye bodi, na faibaglasi haibebi chochote zaidi ya uzito wake yenyewe. Milango nayo hubaki na nguzo ileile iliyoumbwa kwa ajili yake.

Kifuniko hicho kinaweza kutengenezwa hapa hapa. Karakana za Nairobi na Arusha zinazounda magari ya kupeleka watalii mbugani zina mazoea ya kutengeneza mapaa, na mafundi wa boti wa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar wanaijua resini, ile gundi ya majimaji inayogandisha nyuzi za faibaglasi, kuliko mafundi wengi wa magari. Mimi ningeanza kwa fundi wa boti. Boti ikivuja hakuna anayesikiliza visingizio.

Muulize fundi kalibu yake, yaani umbo ambalo nyuzi hubandikwa ili kupata kifuniko, imechukuliwa wapi. Kalibu iliyochukuliwa kwenye kifuniko cha asili ambacho hakijapinda hutoa kifuniko kinachokaa; ile iliyochukuliwa kwenye nakala ya nakala hutoa kifuniko kilichopungua kidogo kila upande, kwa sababu resini ya polyester husinyaa inapokauka. Muulize pia anaweka matabaka mangapi. Mkeka wa nyuzi wa gramu 450 kwa mita ya mraba, ukilowa resini vizuri kwa mkono, hutoa unene wa karibu milimita moja, kwa hiyo matabaka matatu hadi manne yanatosha kifuniko chenye mbavu za kukikaza upande wa ndani. Fundi anayekuahidi milimita 8 kote anakuuzia uzito, na uzito juu ya gari lililoinuka lenye springi za majani si jambo la kufurahia kwenye kona.

Njia ya pili: paa zima la vipande, linalojengwa juu ya gari lako

Gari lililozaliwa na turubai halina kuta za chuma za kukarabati, na kuzipata kwenye skrapu kunazidi kuwa vigumu kwa sababu kila mwenye gari la aina hii anazitafuta. Hapo ndipo paa zima la faibaglasi linapostahili, na lililo bora ni lile la vipande vitatu au vinne: kifuniko, kuta mbili, na kipande cha nyuma ikihitajika. Vipande hivyo hufungwa kwa bolti huku vikitenganishwa na raba. Chesi ya gari hili hupinda kiasi gurudumu moja linapopanda jiwe, bodi hufuata, na paa lisilo na nafasi ya kusogea hupasuka. Mipasuko huanzia kwenye kona za madirisha, kwa hiyo kona zote zikatwe kwa mviringo. Kona iliyokatwa mraba ni ufa unaosubiri siku yake.

Hakikisha kwamba ndani ya ukingo wa ukuta, pale unapopokea mlango, pamewekwa fremu ya chuma au ya alumini iliyofunikwa na nyuzi. Bila fremu hiyo mlango ukifungwa kwa nguvu mara nyingi, ukingo hulegea na raba huacha kuziba. Kumbuka vilevile kwamba milango ya turubai haiwezi kutumika na paa hili, na gharama ya milango ya chuma yenye vioo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, kwani inaweza kulikaribia paa lenyewe.

Njia ya tatu: paa la kuagiza

Mapaa mazima kutoka nje, hasa Marekani, mara nyingi yana uso laini kuliko ya nyumbani. Tatizo ni kwamba paa zima husafirisha hewa: meli hutoza kwa ujazo, na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara, hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kujumlisha usafiri na ushuru. Likifika na ukingo uliovunjika, kulirudisha ni ndoto. Tena mengi yaliundwa kwa magari ya soko la Marekani, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa na kioo cha nyuma cha kuinuliwa. Ningelinunua tu kama linakuja kwa vipande na muuzaji ametuma vipimo vya ukingo kwa maandishi.

Njia za mwisho

Paa la faibaglasi lililotumika hufaa likiwa limetoka kwenye gari la aina ileile na mfereji wake ukiwa mzima. Paa la bati la kuchomelewa ni la kuachwa: linakuwa oveni saa sita mchana, linapiga kelele, na linaoza tena. Mwenye Land Rover Series, kwa upande wake, hana sababu kubwa ya kufuata njia hizi, kwa kuwa paa lake la asili ni la alumini, na lile la nchi za joto lina tabaka mbili zenye nafasi ya hewa katikati, kitu ambacho faibaglasi ya tabaka moja haikishindi.

Kukagua kabla ya kulipa

Kama madirisha yamekatwa karakanani, dai vipande vilivyokatwa. Ukikivunja kimoja utahesabu matabaka kwa macho, na utaona kama nyuzi zimelowa resini au zimebaki nyeupe na kavu. Gonga paa lote kwa sarafu. Mahali panapotoa sauti butu ghafla pana hewa katikati ya matabaka. Paa linalonuka dawa kali wiki kadhaa baada ya kutolewa kwenye kalibu halijakauka, pengine kwa sababu hadina, dawa ya kugandisha resini, iliwekwa kidogo mno, na likipigwa na jua litapinda. Kwa sababu hiyohiyo chagua rangi nyeupe au nyingine nyepesi: resini ya kawaida ya polyester huanza kulainika katika joto ambalo paa jeusi huweza kulifikia kwa urahisi kwenye jua la Garissa au Dodoma.

Kufunga

Milango ifungwe kwanza na fremu ya kioo cha mbele isimamishwe wima, ndipo paa liwekwe juu bila gundi wala raba ili kuona linapogusa na linapoelea. Panapogusa pasawazishwe kwa msasa, na palipo na uwazi paongezwe nyuzi. Kulivuta kwa bolti hadi lilale ni kulipasua polepole. Kwa bolti ya milimita 6 toboa tundu la milimita 8, weka washa pana pande zote mbili, na ukaze zote kwa zamu huku ukifungua na kufunga milango. Tumia bolti zisizoshika kutu, hasa kama gari linakaa pwani. Silikoni isitumike kwenye maungio, maana rangi haitashika tena mahali ilipopita; gundi ya poliyurethani ya magari inafaa zaidi. Ndani, bandika sponji isiyonyonya maji ili kupunguza joto na kelele.

Paa hili, liwe la njia yoyote kati ya hizi, haliwalindi waliomo gari likibiringika. Kazi hiyo ni ya vyuma maalumu vinavyofungwa ndani, na vipimwe pamoja na paa ili visigusane.

Malipo ya mwisho yasubiri jaribio la maji. Mwaga maji kwa mpira ukianzia chini ya milango na kupanda taratibu, huku mtu akiwa ndani na tochi, kwa kuwa ukianzia juu maji yatateremka na hutajua yalikoingilia. Rudi baada ya majuma machache ya barabara mbovu ili bolti zikazwe tena, na sharti hilo liandikwe kwenye risiti.