Viungo vya Chai vya Darajani: Tathmini kwa Anayetaka Kusaga Mwenyewe

Soko la Darajani, lililo ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar katika jengo la mwaka 1904 na vibanda vilivyolizunguka, husifiwa zaidi kwa wageni wanaotafuta zawadi ya kurudi nayo kwao. Tathmini hii inamhusu mteja mwingine: mtu wa hapa hapa Unguja, au aliyevuka bahari kutoka Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambaye chai ya viungo hupikwa nyumbani kwake kila asubuhi, na ambaye anataka kuachana na pakiti za unga uliochanganywa tayari ili achague viungo vyake na kuvisaga mwenyewe. Kwa mteja huyo naipa Darajani alama za juu, kwa sharti moja: anunue viungo vizima na auache unga palepale alipoukuta.

Harufu tunayoitafuta katika chai imo ndani ya mafuta mepesi ambayo hupotea hewani kwa urahisi, na kiungo kizima huyalinda mafuta hayo kwa ganda au gome lake. Kikishasagwa, kila chembe hubaki wazi mbele ya hewa, mwanga na joto, na baada ya miezi michache kinachobaki ni ukali wa tangawizi na rangi ya kahawia. Unga wa pakiti una kasoro nyingine inayoniudhi zaidi kuliko umri wake, nayo ni uwiano. Tangawizi ni rahisi, iliki ni ghali, na mchanganyaji anayetafuta faida anajua la kufanya. Asiyeamini asome orodha ya viambato nyuma ya pakiti, ambayo kwa kawaida huanza na kilicho kingi zaidi kwa uzito, kisha aangalie iliki imewekwa nafasi ya ngapi.

Nianze na karafuu, kwa kuwa hicho ndicho kiungo kinachonifanya niitetee Darajani mbele ya masoko mengine ninayoyajua. Karafuu nyingi ya visiwa hivi hutoka Pemba. Huchumwa kwa mkono zikiwa bado matumba, kabla ua halijafunguka, kisha huchambuliwa kutoka kwenye makonyo, yaani vijiti vinavyoshika matumba hayo, na kuanikwa juani hadi zigeuke rangi ya kahawia iliyokoza. Karafuu njema ina kichwa chake kamili, na ukiibonyeza kwa ukucha hutoa unyevunyevu wa mafuta. Mwenye shaka achukue chache, azitie katika bilauri ya maji: zenye mafuta huzama au husimama wima, na zilizokwisha nguvu huelea zikiwa zimelala. Hapa ndipo hatari ya kununua unga inapodhihirika, kwa sababu makonyo nayo yananukia, ingawa hayafikii karafuu yenyewe, na yakisagwa pamoja nayo hakuna jicho litakaloyatenganisha. Makonyo yana kazi yake ya heshima, kwani ndiyo yanayokamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, lakini mahali pake si ndani ya kopo la viungo vya chai linalouzwa kwa jina la karafuu.

Iliki inahitaji jicho kali zaidi, kwa kuwa ndiyo inayokula fedha nyingi katika mchanganyiko huu. Tanzania Bara hulima iliki nzuri katika milima ya Usambara Mashariki na Uluguru, na ukimwuliza mwuzaji mwenye kujua kazi yake atakwambia bila kusita ya kwake imetoka wapi. Chagua yenye ganda la kijani lililofumba. Ganda lililopauka na kupasuka linaonyesha kwamba imekaa sana, au imeachwa juani kupita kiasi. Omba upasue moja. Mbegu zinapaswa kuwa nyeusi au kahawia nzito, zenye utomvu kidogo unaonata kidoleni. Zikiwa kavu, nyepesi na za rangi ya vumbi, shukuru na uende kibanda kingine. Wako wanaouza mbegu zilizokwishamenywa, nazo humpunguzia mnunuzi kazi, lakini zimeshapoteza kinga yake na mimi sizichukui hata zikipunguzwa bei.

Kuhusu mdalasini, Darajani huuza aina zaidi ya moja, na tofauti yake ni muhimu kwa mtu anayekunywa chai ya viungo kila siku. Mdalasini halisi wa Zanzibar hutokana na gome la ndani lililo jembamba, linalovunjika bila shida na lenye utamu wa upole. Magome manene na magumu kama ubao, yaliyojikunja mkunjo mmoja tu, mara nyingi ni ya mti mwingine wa jamii hiyo, wenye ladha kali na kiasi kikubwa zaidi cha kumarini, kemikali ya asili ambayo si rafiki wa ini ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu. Kwa pilau ya sikukuu sitambishia mtu. Kwa chai ya kila asubuhi nashauri gome jembamba, hata likizidi bei.

Tangawizi kavu ijaribiwe kwa kuivunja: ikikatika kwa mlio ni kavu kweli, na ikipinda bado ina maji, nayo itaota ukungu ndani ya kopo na kuharibu kila kilichomo. Tangawizi kavu ni kali kuliko mbichi, kwa kuwa ukaushaji hubadilisha sehemu ya viini vyake kuwa vingine vyenye ukali zaidi, hivyo anayezoea kuponda mbichi asipime kwa mkono uleule. Pilipili manga iwe nzito, ya mviringo, isiyo na vumbi. Kungumanga inunuliwe nzima na ikwaruzwe kidogo tu wakati wa kupika. Zafarani ya bei ya kutupa iachwe, maana haistawi hapa na haiwezi kuwa rahisi.

Huduma ya wauzaji ndiyo iliyonishawishi kuandika. Mtu akisalimu vizuri, akasema, “Ami, naomba ninuse kwanza,” mara nyingi hufunguliwa gunia au kopo bila kinyongo, na wazee wa pale humweleza mteja kiungo kipi ni cha msimu huu na kipi kimelala. Mwuzaji mmoja aliniambia, “Hii usichukue leo, mwanangu, subiri mzigo mpya,” na neno hilo limenifanya niwe mteja wake. Mambo si hivyo kila mahali. Baadhi ya vibanda vya mbele hupanga viungo katika vifuko vinavyopitisha mwanga, vikapigwa jua tangu asubuhi, na vikapu vidogo vya ukindu vilivyopangwa kwa ajili ya watalii huuzwa kwa bei isiyolingana na kilichomo. Nenda ndani zaidi, kwa wenye mizani. Taja uzito unaoutaka, na uombe kila kiungo kifungwe peke yake katika karatasi, maana karafuu hutawala kila ilichokaa nacho.

Sasa mchanganyiko wenyewe. Kwa gramu 100 natumia tangawizi gramu 40, mbegu za iliki gramu 25, mdalasini gramu 20, pilipili manga gramu 10 na karafuu gramu 5. Wapo watakaoona karafuu ni kidogo, hasa Wapemba, lakini karafuu ina eujenoli, kiini kilekile kinachotuliza jino linalouma kwa kulitia ganzi, na ikizidi katika chai huufanya ulimi usisikie iliki uliyoinunua kwa bei kubwa. Maganda ya iliki siyasagi, kwa kuwa ni nyuzi nyingi na harufu kidogo. Nayatia katika kopo la sukari, ambayo hunukia vizuri baada ya siku chache.

Kabla ya kusaga, vipashwe moto kidogo katika kikaango kikavu, juu ya moto mdogo kabisa, kwa dakika 2 au 3, ili unyevu wa mwisho utoke na visagike kwa urahisi. Visikaangwe hadi kubadilika rangi kama vya mchuzi, kwani chai haihitaji ladha ya kuungua. Vikishapoa, tangawizi na mdalasini vitwangwe kwanza katika kinu, kisha vyote viingie katika mashine ndogo ya kusagia kahawa au blenda ya viungo, visagwe kwa vipindi vifupi ili visipate joto. Mfuniko usifunguliwe mara moja; vumbi hilo ndilo harufu, liachwe litulie. Unga uchungwe kwa chekecheke jembamba ili nyuzi za tangawizi zibaki juu, kisha utiwe katika chupa au kopo linalofunga sawasawa na uwekwe mbali na jiko. Saga kiasi cha kutosha miezi 2 tu, na viungo vinavyobaki vihifadhiwe vizima.

Upishi wa chai ya maziwa hauna siri nyingi. Kwa vikombe 2, nusu kijiko cha chai cha unga huu huchemshwa katika maji kwa dakika 5, majani ya chai yafuate, halafu maziwa, na sufuria iachwe ipande mara moja au mbili. Anayependa kuongeza tangawizi mbichi aichemshe katika maji kabla ya maziwa kuingia, kwa kuwa ina kimeng’enya kinachogandisha maziwa, na mchemko wa awali hukiua. Kwa mwanafunzi wa bweni au msafiri asiye na jiko, unga huo unaweza kuchanganywa na maziwa ya unga na sukari ukatiwa maji ya moto pamoja na kifuko cha majani ya chai, ingawa lazima usagwe laini zaidi, usiwe na chenga zitakazobaki chini ya kikombe.

Kwa upande wa gharama, anayelinganisha bei ya kopo la nyumbani na ya pakiti ya dukani kwa gramu ataona kwamba la nyumbani halina unafuu mkubwa, na mara nyingine limezidi, kwa sababu ya iliki. Hata hivyo unga huu hutumika kidogo kwa kila birika, kwa hiyo hukaa zaidi. Wanaokunywa chai ya mkandaa bila maziwa wapunguze tangawizi hadi gramu 25 na waongeze mdalasini na iliki, kwa jumla, kiasi hichohicho walichopunguza, kwani ukali ambao maziwa huufunika hujitokeza wote katika maji matupu, na kwao hasa gome jembamba la Darajani linastahili kila senti.